Kigunduzi kizuri cha hewa ya ukaa, ila zima kwanza "kujisahihisha"

Kazi yangu ni kuhudumia vyumba vya mitungi ya gesi ya vinywaji na vyumba vya baridi, na kigunduzi hiki cha ukutani nimekifunga kwenye vyote. Nakipa nyota nne. Ya tano nimeinyima makusudi, na naanza na sababu yake maana ndiyo inayoweza kumdhuru mtu.

Kikitoka kwenye boksi, mfumo wake wa kujisahihisha tayari umewashwa. Kwa siku kadhaa kinatunza kumbukumbu ya usomaji wa chini kabisa, kisha kinaamini hiyo ndiyo hewa safi ya nje, takribani 400 ppm (sehemu 400 za gesi hii katika kila sehemu milioni za hewa), na kujirekebisha kwa hesabu hiyo. Kwa ofisi inayobaki tupu usiku hakuna ubaya. Kwa chumba cha mitungi, ambako karibu kila valvu ina kauvujaji kake, ni balaa. Chukua chumba ambacho hewa yake haishuki chini ya 900 ppm. Kifaa kitaiita hiyo 900 kuwa ni 400, na tangu hapo kitapunguza kama 500 kwenye kila usomaji. Kengele uliyoiweka ilie kwenye 5,000, kikomo cha wastani wa saa nane kazini, italia chumba kikiwa kimeshafika 5,500 hivi. Na uvujaji ukikua taratibu, kifaa nacho kinauzoea taratibu. Onyo hili limo kwenye kitabu cha maelekezo, kurasa za nyuma kabisa, kwa herufi za kukodolea macho. Kuuzima ni suala la kubonyeza menyu tu. Sasa kwa nini kisitoke kiwandani kikiwa kimezimwa?

Ukishauzima, una kifaa cha kuaminika. Ugezi wake, yaani kukirekebisha kwa gesi ya kipimo ili kisome sawa, unafanywa kwa nukta mbili: naitrojeni, isiyo na hewa ya ukaa, kwa ajili ya sifuri, halafu gesi ya mtungi yenye kiwango kinachojulikana. Kinachonifurahisha ni kwamba kinakuuliza waziwazi kama unachokipa ni naitrojeni au hewa ya nje. Nimeshika vingine vinavyokuacha uipe hewa ya nje jina la sifuri, na kuanzia hapo kila usomaji unakosa 400 na ushee.

Kofia ya ugezi inayokuja nayo imelegea, hewa ya chumba inapenya pembeni na kuichanganya gesi ya kipimo. Mimi naibana kwa mpira. Mtiririko ni nusu lita kwa dakika, subiri namba itulie ndipo ukubali. Usiongeze presha eti kazi iende haraka: gesi iliyobanwa ndani ya kihisi husomeka juu kuliko ilivyo, ukikubali hapo kifaa kitakuja kusoma chini kazini. Angalia pia tarehe ya mwisho kwenye mtungi wa kipimo.

Wapo wanaokipulizia pumzi, kengele ikilia wanasaini fomu. Pumzi ya mtu ina karibu asilimia 4 ya gesi hii, yaani 40,000 ppm. Lazima kilie, hata kama usomaji wake umepotoka vibaya. Hapo umejua king'ora kizima, basi.

Matunzo ni mepesi. Kihisi chake hutumia mwanga wa infraredi, ule wa mikromita 4.26 ambao gesi hii huufyonza, kwa hiyo hakina kemikali ya kuisha. Maadui zake ni vumbi na unyevu. Chujio linabadilishwa kwa mbele bila kufungua kasha, na hapo waliokibuni wanastahili pongezi. Kwenye vyumba vya baridi, mlango ukifunguliwa sana, matone yanajikusanya ndani na namba zinarukaruka. Kiache kikauke kabla hujagusa ugezi, na anayeosha sakafu asikielekezee bomba la maji.

Kifunge chini, sentimita 30 hadi 45 kutoka sakafuni, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa kama mara moja na nusu. Ukiwa nyanda za juu, ingiza mwinuko wa mahali kwenye menyu kabla ya ugezi, la sivyo kitasoma chini. Na kama unachohofia ni moshi wa jenereta au jiko la mkaa, hiki si chake: tafuta cha kaboni monoksaidi.