Programu ya kompyuta ya kuendesha mita na paua saplai (kifaa kinachotoa umeme kwa kitu unachopima): inapima vizuri ila dirisha linaganda

Kwenye kupima sina lawama kabisa, data inaingia sawasawa, faili inafunguka popote. Shida yake ni dirisha. Unabonyeza Anza, inapima kidogo, halafu batani zote kimya, grafu imesimama, Windows nayo inaandika pale juu kwamba programu haijibu. Kibaya zaidi hata batani ya kusimamisha haibonyezeki, na muda huo paua saplai bado inasukuma umeme kwenye kitu unachokipima!! Kwangu hilo ni jambo zito, sio kero ndogo ya kompyuta.

Wengi hapo wanafuta programu na kuinstall upya, haisaidii. Mi nilifungua Task Manager wakati imeganda nikaangalia CPU, maana hapo ndo unajua unapambana na nini. CPU ikiwa karibu na sifuri ujue programu inasubiri kitu, lakini ikiwa core moja (kiini kimoja cha CPU) imejaa ujue inahangaika kuchora au imenasa kwenye lupu, yaani inarudia jambo lilelile bila kuisha. Yangu ilikuwa karibu sifuri. Basi nikaifunga, nikatuma *IDN? kwa kutumia PyVISA (maktaba ya Python ya kuongea na vifaa vya kupimia), hiyo ni amri ambayo vifaa vinavyofuata kiwango cha IEEE 488.2 vinaijua, kifaa kinarudisha jina la kampuni, modeli, namba yake na toleo la fimwea (programu iliyo ndani ya kifaa). Mita ikajibu hapohapo, kwa hiyo mita nzima, kebo nzima, poti nzima, tatizo liko kwenye programu.

Na kweli, ukiingia kwenye setingi za poti unakuta programu inategemea kila jibu liishie na CR na LF (herufi mbili zisizoonekana za kumaliza mstari), wakati mita inamaliza na LF peke yake. Kwa hiyo jibu limeshafika zamani ila programu bado imekaa inasubiri herufi ambayo haiji mpaka taimauti (muda wa mwisho wa kusubiri jibu) iishe, na taimauti waliyoweka wao ni sekunde 10. Windows huhesabu dirisha limekufa likikaa kama sekunde 5 bila kuitikia, sasa hapo lingeponaje? Nikaweka LF tu, taimauti nikaishusha mpaka milisekunde 2000, na kuganda kule kwa kila mara kukaisha.

Yalibaki mawili. Kompyuta ikikaa bila kuguswa Windows inalaza poti za USB ili kuokoa chaji, ukirudi mita haionekani na dirisha linaganda tena, dawa yake ni kuzima hiyo setingi kwenye mpangilio wa umeme. Halafu grafu, ukiacha kipimo usiku kucha inachora upya nukta zote tangu mwanzo kila usomaji mpya ukiingia, hapo sasa CPU ndo inajaa, punguza nukta za kuonyesha, data kwenye faili haiguswi.

Ila kwa waliotengeneza nasema wazi, haya yote mtumiaji anaziba viraka tu. Kusoma mita na kuchora dirisha mmeviweka kwenye thredi moja (mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu), kimoja kikisubiri na kingine kinakufa. Usomaji uhamishiwe thredi yake, matokeo yapite kwenye foleni, na amri ya kusimamisha isikae nyuma ya usomaji wowote ule. Hii sio anasa, kuna vifaa na watu upande wa pili wa waya.

Kwa hiyo kama unasoma mita tu, ichukue, rekebisha hizo setingi utafurahi nayo. Kama inashika na paua saplai basi kabla ya kuanza weka kikomo cha ampea na cha volti kwenye paua saplai yenyewe, na ujue batani ya Local (ya kukurudishia uendeshaji kwa mkono) iko wapi, kwa sababu paua saplai nyingi zikishaunganishwa na kompyuta zinafunga batani zao za mbele mpaka ubonyeze hiyo, na kwenye baadhi yake kompyuta inaweza kuifunga hata hiyo Local, hivyo swichi kubwa ya umeme iwe karibu na mkono wako.