Ruta inafanya kazi, msimbo chanzo wametoa nusu

Nimeinunua Kariakoo kwa ajili ya duka la steshenari la dada yangu. Kwa kazi yake sina neno: mtandao unafika mpaka stoo ya nyuma, na haichemki hata mchana. Jina la kampuni silitaji.

Kikaratasi cha ndani ya boksi kinasema ruta imebeba kerneli ya Linux (kiini cha mfumo unaoiendesha) na BusyBox (mkusanyiko wa programu ndogondogo za mfumo huo), zote chini ya GPL toleo la 2, leseni ya programu huria, na ukiomba msimbo chanzo (programu kama ilivyoandikwa na waandishi wake) ndani ya miaka 3 utapewa kwa gharama ya kuutuma tu. Safi, ndivyo leseni inavyotaka. Nikaandika. Jibu la kwanza: "Tafadhali zima ruta kisha uiwashe." Jamani! Baada ya kusumbuana wakatuma faili moja lililobanwa. BusyBox imo, kerneli ni ya toleo jingine kabisa, na skripti (faili za amri) za kuijenga na kuisakinisha hazimo, wakati GPL inazitaja waziwazi. Huo ni unga bila sufuria.

Kutoa msimbo kunalipa: OpenWrt, mfumo huria wa kuendeshea ruta, ilizaliwa baada ya kampuni ya Linksys kutoa msimbo wa ruta yake ya WRT54G, na ruta ile ikapendwa miaka na miaka. Nyota 3. Ya nne nitaongeza siku skripti zikifika.