Shokapu za Mbele: Nilichofanya Mwenyewe na Nilichomwachia Fundi

Ninaishi Likoni na gari langu ni Toyota Fielder. Mapema mwaka huu lilianza kugonga upande wa mbele kila nilipopita kwenye tuta au nilipoteremka kuingia kivukoni, na kwa kuwa nina spana, jeki na stendi mbili, niliazimia kulitengeneza mwenyewe.

Nilianza na linki za stebilaiza, yaani vyuma vifupi vinavyounganisha shokapu na fito inayozuia gari kulalia upande kwenye kona, kwa sababu huchakaa mapema na kuzibadilisha hakuhitaji kugusa springi. Kazi ya saa moja ilinimalizia asubuhi nzima, kwani hewa ya chumvi ilikuwa imezigandisha nati kwa kutu, na ijapokuwa nilizimwagia mafuta tangu usiku, moja ilibidi niikate kwa msumeno wa chuma. Kelele ilipungua, lakini haikuisha.

Iliyobaki ilitoka kwenye shokapu, na moja ilikuwa tayari inavuja mafuta. Katika gari hili shokapu ya mbele hukaa ndani ya springi, hivyo haitoki mpaka springi ibanwe kwa kifaa maalumu. Kifaa hicho kikiponyoka, springi hufyatuka kwa nguvu inayoweza kumuua mtu. Nilikiazima kwa jirani, nikaona meno yake yamelika, nikakirudisha siku hiyo hiyo.

Gereji moja ya Changamwe ilinitoza shilingi 3,000 za ufundi. Fundi alisisitiza tubadilishe shokapu zote mbili, na alisema kweli, kwa sababu moja ikiwa mpya na nyingine imechoka, gari halitulii linapofunga breki. Kazi hiyo aliifanya kwa uangalifu mkubwa. Kwenye bushi, yaani mipira ya maungio, za mikono ya chini inayoshikilia magurudumu, hata hivyo, msaidizi wake alitaka kukaza bolti gari likiwa bado juu ya jeki. Nilimwambia, "Kijana wangu, tulishushe kwanza likanyage chini," kwa kuwa mpira ukikazwa gurudumu likining'inia, husokotwa gari linaposhushwa na hupasuka mapema. Fundi mwenyewe aliniunga mkono.

Lililoniudhi ni kwamba hakuna aliyenikumbusha kupima mpangilio wa magurudumu, ilhali kufungua shokapu hizo huuvuruga. Usukani ulikaa upande kwa siku nne, nikalipa kwingine kuurekebisha.

Linki nitaendelea kuzibadilisha mwenyewe, na safari hii nati nimezipaka grisi. Penye springi, nitamlipa fundi na kusimama kando yake.