Agizo la mstari mmoja au maelezo kamili?

Ukiiambia akili mnemba, "Andika tangazo la shahada ya uuguzi," itakuletea "elimu bora" na "walimu mahiri," maneno yanayofaa chuo chochote duniani. Inabahatisha, kwa kuwa hukuipa cha kushika.

Sasa jaribu hivi: "Andika barua pepe ya maneno 120 kwa mwombaji aliyepata nafasi lakini hajathibitisha. Ni wa kwanza kwao kusoma chuo, na anahofia ada. Mwombe jambo moja tu: athibitishe. Usitaje ufadhili ambao sijakutajia." Sentensi hiyo ya mwisho naithamini kuliko zote, maana mashine hizi hubuni ahadi, na mzazi akishaisoma ataidai.

Agizo fupi nalitumia kusaka vichwa vya habari tu. Barua ya kumfikia mwanafunzi, hapana.