TAHADHARI: Muuzaji wa gasketi "jenuini" za tapeti kava za injini ya 1JZ, kanipiga mara mbili nikiwa hapa hapa Kigoma

Mwakeye wakuu. Nimesubiri kwanza hasira zipoe ndo nikashika simu kuandika, kwa hiyo mnivumilie nikirukaruka.

Kuna jamaa anauza gasketi za injini za Toyota (zile raba za kuziba maungio oili isivuje) kwa WhatsApp, anajitangaza yuko Kariakoo, kila kitu kwake ni jenuini kutoka Japani, na wateja anaowawinda ni sisi wa mikoani, huku mwisho wa reli, Kasulu, Tabora, maana anajua hakuna mtu atakayepanda basi kutoka Kigoma mpaka Dar kwenda kumkaba shati kwa ajili ya gasketi. Jina na namba sibandiki hapa, RB ya polisi ninayo na askari kaniambia nitulie kwanza. Ila staili yake nitaieleza mpaka akikufuata umjue mwenyewe.

Gari yangu ni Toyota Chaser JZX90 yenye 1JZ-GTE ile ya kwanza ya turbo mbili, cc 2,492, silinda sita kwenye mstari. Mwaka jana ilianza kula oili nikaifanyia ovaholi, pistoni mpya, ringi mpya, head ikapelekwa Mwanza kuskimiwa (kusawazishwa uso), hela niliyoichoma pale mke wangu hadi leo anajua nusu yake tu. Fundi wangu ni mzee wa Mwanga, mtu wa taratibu, anafunga nati huku anapiga stori za treni za zamani. Injini ikawaka vizuri, sauti tamu kabisa. Kilichobaki ni gasketi za tapeti kava, yaani vile vifuniko vya juu ya injini, kwa sababu zile za zamani zilikuwa zimekauka kama ngozi ya ngoma na Kigoma hapa nilizunguka maduka yote nikakosa za GTE. Ndo nikaangukia kwa huyu bwana.

Ukimtafuta anajibu ndani ya dakika moja, "karibu sana bosi wangu", anakurushia picha ya boksi limeshikwa mkononi, kidole gumba kina plasta ya kidonda. Hiyo plasta ikumbuke. Nikamwambia nina 1JZ nataka seti ya tapeti kava na sili zake, akasema ipo, 185,000, tuma na ya kutolea, leo leo inapanda basi. Nikatuma. Hapo mimi mwenyewe nilikuwa fala na nakubali, maana hakuniuliza swali hata moja. Muuzaji wa kweli lazima akuulize kama ni GTE (yenye turbo) au GE (isiyo na turbo), kama ni ya zamani au ni ile ya VVT-i iliyoanza 1996 yenye turbo moja, na yule makini anakuomba kabisa namba ya chesisi akatazame kwenye katalogi. Huyu kwake 1JZ ni 1JZ tu, kama unanunua sukari.

Mzigo ulifika stendi ya Masanga kesho kutwa yake, nikaenda kuuchukua na bodaboda. Nilipofungua boksi nikasikia harufu kali ya raba kama tairi jipya la baiskeli, nikaipuuza. Fundi akaigeuzageuza ile gasketi, akanionyesha kiuzi chembamba cha raba kimebaki pembeni pale inapotokea kwenye kalibu, akaguna. "Mdogo wangu, hii umeinunua wapi?" Nikamwambia Kariakoo, jenuini. Hakusema kitu, akafunga.

Siku ya kumi na moja ndo balaa likaanza. Nimembeba bi mkubwa natoka naye Ujiji, tukisimama tu kunakuja harufu, akaniambia "baba, hili gari lako linanuka kama watu wanachemsha mawese." Nikafungua boneti, moshi mweupe unapanda upande wa ekzosi, oili inatiririka toka kwenye kava inadondokea turbo. Kwa wasioijua hii injini, kava ziko mbili, moja ya inteki na moja ya ekzosi, katikati kuna bonde ambamo ndimo plagi zinakaa. Gasketi ikivujia nje inakuunguzia oili kwenye ekzosi, ambayo ni hatari ya moto kabisa wala sio harufu tu. Ikivujia ndani inajaza mashimo ya plagi na gari inaanza kumisi. Yangu ilikuwa inavuja kote kote, plagi ya tano niliitoa imelowa oili mpaka shingoni.

Tukafungua kava, na hapa ndo nilitamani kulia, gasketi yenyewe ilikuwa imerefuka jamani! Imevimba, imejikunja mawimbi, ukijaribu kuirudisha kwenye mfereji wake inazidi karibu urefu wa kidole, inaruka nje kama nyoka. Fundi akasema raba ikivimba hivi basi sio raba ya oili.

Nikampigia jamaa, na hapa ndipo ujanja wake wote ulipo, hapa msome polepole. Hakugombana na mimi hata kidogo, alinionea huruma! Akaniuliza, "Injini imefanyiwa ovaholi eeh? Basi bosi hapo ringi bado hazijakaa, pumzi inashuka chini kwenye sampo inasukuma oili juu, gasketi yoyote itatoka." Kisha akauliza fundi ameweka silikoni? Ameweka. "Ameharibu hapo, silikoni ikizidi gasketi inateleza." Kisha bolti amekaza kwa mkono au kwa spana ya torki (ile inayopima nguvu ya kukaza)? Kwa mkono. "Unaona sasa." Yaani kila alichosema ni kitu cha kweli ambacho kinatokea kwenye injini zilizofunguliwa. Injini mpya kweli inakuwa na pumzi mpaka ringi zikae, silikoni nyingi kweli inateleza, tena ikimeguka inaingia kwenye oili ikaenda kuziba strena (chujio la oili) kule chini kwenye sampo, na bolti za kava zinataka torki ndogo sana, ukizivuta kama za tairi unapondaponda gasketi na unaweza kukata bolti kabisa. Kwa hiyo nikaanza kumtilia shaka mzee wangu wa Mwanga badala ya kumtilia shaka yeye. Nilimnunia fundi siku mbili nzima, naona aibu hadi sasa.

Jamaa akamalizia na dawa: kuna gasketi ya bluu, ya silikoni, "ya mashindano", haisumbuliwi na pumzi, 240,000 lakini kwa sababu wewe ni mteja wangu nipe 140,000. Nikatuma tena. Ndiyo, nilituma tena, chekeni tu.

Ile ya bluu ilipofika fundi alikataa kuifunga. Kwenye boksi neno jenuini lenyewe limekosewa herufi, na namba iliyochapwa kwenye boksi sio iliyo kwenye stika. Mzee akakata kipande cha ile nyeusi ambacho hakikuwahi kufungwa (seti ilikuja na sili za ziada), akakata cha hii ya bluu, na kipande kidogo cha gasketi yangu ya zamani ya kiwandani, vyote vitatu akatumbukiza kwenye kopo la maziwa lenye oili, akaliweka juu ya jiko la mkaa nje ya gereji, mbali na kila kitu, moto mdogo tu wa kuipasha sio wa kuichemsha, msije mkaunguza nyumba za watu kwa ajili yangu. Akaacha saa nzima huku tunakunywa chai. Alipovitoa kwa koleo, ile nyeusi imevimba kama andazi, ukiiminya inaacha alama ya kucha. Ya bluu imekuwa ngumu, nilipoikunja ikakatika ta! kama muhogo mkavu. Kile cha zamani, pamoja na ukavu wake wote wa miaka na miaka, kilitoka vile vile kilivyoingia.

Raba za hizi gasketi haziko sawa hata kama rangi ni moja. Zile za kawaida za nitraili zinaanza kukakamaa joto likikaa juu ya nyuzi 100 na kitu kwa muda mrefu, za akriliki zinavumilia mpaka karibu 150, za silikoni halisi zinakwenda juu zaidi hadi 200. Juu ya injini ya turbo, ubavuni mwa ekzosi, hapo ndipo raba ya kubahatisha inapoumbuka. Na raba ya asili, ile ya malapa, ikikutana na oili inavimba tu, haina mjadala.

Nikampigia tena kudai hela. Akakubali haraka mno! "Sawa bosi hela yako itarudi, ila tuma 15,000 ya gharama za kurudisha muamala." Hapo ndo akili ikanirudi. Nikamwambia kata hiyo kwenye yangu unitumie inayobaki. Akasoma. Picha yake ya profaili ikapotea, namba ikawa haipatikani. Nimepigwa 325,000 jumla, bila nauli za boda wala oili lita tano iliyomwagika.

Baada ya hapo ndo nikaanza kuulizia watu. Kijana mmoja wa Tabora mwenye Mark II, mwingine Kasulu ana Altezza, wote wamelizwa kwa wimbo ule ule, wote waliambiwa fundi wao hajui kazi. Tukatumiana picha tulizorushiwa na huyo muuzaji. Mkono ule ule, kidole gumba kile kile chenye plasta, maboksi tofauti! Mwenye Altezza alirushiwa miezi mitano kabla yangu. Kidonda gani hicho kisichopona miezi mitano.

Sasa niseme haki. Jamaa ni tapeli lakini kwenye suala la pumzi alikuwa na nusu ukweli, na hili ndilo linalonikera. Fundi alipopima alikuta valvu ya PCV, ile ya kutolea pumzi ya ndani ya injini, imeziba kabisa, ukiitikisa haitoi ule mlio wake wa tiki tiki. Kwa hiyo hata gasketi ya kweli ingeteseka. Kama unataka kujua injini yako mapema kabla hujabishana na muuzaji yeyote, chomoa kijiti cha oili, vika glovu ya mpira kwenye bomba lake, funga kwa raba, washa gari iwe kwenye sailensa bila kukanyaga mafuta (zamani tulitumia mfuko wa rambo, ila rambo zilipigwa marufuku 2019 so glovu ndo mpango). Ikivimba kama puto kuna pumzi inakosa njia, anza na PCV na mipira yake, kisha pima kompresheni. Yangu silinda zote sita zilicheza kati ya psi 150 na 158, maana yake ringi ziko poa na ile stori ya "ringi hazijakaa" ilikuwa hewa.

Na kujua oili inatokea wapi usiangalie ilikodondokea, oili inatembea. Osha injini ikauke, paka poda ya mtoto kuzunguka kava, endesha dakika kumi na tano ufungue boneti, poda itakuonyesha mstari uliolowa unapoanzia. Mimi nilivyofanya hivyo nilikuta na washa za raba za chini ya bolti nazo zinatoa, zilikuwa ngumu kama mfupa, kwa hiyo bolti inafika mwisho kabla haijakandamiza kava. Hizo watu wengi wanazisahau.

Mwishowe seti ya kweli nilimwagiza binamu yangu wa Dar, akaenda dukani kwa miguu yake na namba ya chesisi, akalipa akiwa ameishika mkononi, akapewa risiti ya EFD. Mzee akasafisha mfereji na uso wa head kwa petroli mpaka kitambaa kikatoka cheupe, akahakikisha kava haijapinda kwa rula ya chuma, silikoni akaweka tone tu kwenye kona zile ambapo kofia ya kwanza ya kamshafti inakutana na head, sio kuizungusha kote kama keki. Akakaza kutoka katikati kwenda nje kwa raundi tatu na spana ya torki ya kuazima, kwa kipimo cha kwenye kitabu cha ufundi cha gari. Gari ikalala bila kuwashwa mpaka kesho yake. Huu mwezi wa pili, kavu.

Fundi nilimpelekea kilo mbili za migebuka na samahani juu.

Waliolizwa na huyu mtu tunzeni meseji za miamala msizifute, nendeni polisi mchukue RB, na namba aliyowapigia au kuwatumia meseji ipelekeni 15040 ambako ndiko kunapokelewa namba za matapeli. Bidhaa feki zenyewe ni kazi ya FCC (Tume ya Ushindani), kwa hiyo boksi na gasketi msitupe hata kama zinawatia hasira, za kwangu ziko kwenye mfuko stoo pamoja na ile iliyovimba.

Jana usiku kijana wa Tabora kanitumia tangazo jipya, namba mpya, jina jipya, sasa hivi anauza sili za turbo. Kidole bado kina plasta.