Mark X, Teana au Atenza? Tuanzie siti ya nyuma

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Wengi mnaotafuta gari ya chini ya familia mnaniuliza kitu kimoja: Mark X, Teana au Atenza? Leo zote tatu ziko hapa nyuma yangu. Mark X ya Toyota ni GRX130, ile iliyoanza 2009 ikaishia 2019. Teana ya Nissan ni J32 ya V6, yaani injini ya silinda sita. Atenza ya Mazda ni GJ, iliyoingia sokoni 2012, na hii ni ya petroli, lita 2.0.

Najua mmezoea tuanze na boneti. Leo tunaanza na mlango wa nyuma, kwa sababu wewe unayelipa utakaa mbele kwenye usukani, na watoto, bibi yao na dada wa nyumbani watajipanga huku.

Mark X kwanza. Kwenye karatasi, kutoka tairi la mbele hadi la nyuma ni milimita 2,850. Teana ni 2,775 tu. Basi mtu anategemea Mark X iwe na nafasi zaidi, si ndiyo? Tazama goti langu lilipofika. Halafu tazama hili tuta hapa katikati. Mark X inasukumwa na tairi za nyuma, injini imekaa kwa urefu wa gari, na propela shafti inapita chini ya sakafu mpaka kwenye difu. Anayekaa katikati anaweka mguu mmoja huku na mwingine kule, kama kapanda punda. Dar mpaka Moshi hivyo? Mtoto mdogo atavumilia. Bibi yake, hapana.

Haya, Teana. Hii inavutwa na tairi za mbele, injini imelala kiubavu, ndiyo maana sakafu ya nyuma imebaki karibu sawa. Siti ya dereva nimeiweka nilivyoizoea mimi, nimehamia nyuma yake, na bado nakunja nne. Twende mbele kwa abiria. Baadhi ya matoleo yana kipande cha kuinulia miguu. Nabonyeza hapa ubavuni mwa siti... mnaona kinavyopanda taratibu? Mama mkwe ukishampakia humu, safari ya pili atakuuliza ile gari iko wapi.

Atenza nyuma inatosha, ila paa limeinama, mtu mrefu atalalamika. Lakini kwa sura, jamani! Hii nyekundu ya Mazda ikipita mtaani shingo zinageuka, na mimi mwenyewe nikiegesha huwa nageuka kuitazama. Kumbuka tu ni pana: milimita 1,840, wenzake wote wawili ni 1,795. Kama geti lako ni jembamba, kapime kwanza.

Redio sitaichelewesha. Nyingi za Japani za miaka hiyo zinaishia 90 kwenye FM, na menyu ni Kijapani. Tenga hela ya kubadilisha.

Barabarani, Mark X inazipita zote. V6 ya 2.5, farasi 203, gia sita, ukikanyaga inaitika hapo hapo. Teana ina 185 na haipendi kukimbizwa, inapenda kuteleza. Atenza ina 155, ila ni nyepesi na ndiyo inayokunywa mafuta kidogo kuliko zote.

Sasa sikilizeni wenye mpango wa kufunga mtungi wa gesi. Injini ya Mark X, 4GR, inarusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na Atenza vilevile. Mfumo wa gesi wa kawaida haukutengenezewa injini za namna hiyo, unahitaji wa aina yake, na bei yake si ya kawaida. Teana ya V6 inarushia petroli kwenye njia ya hewa, kwa hiyo fundi hapati shida nayo. Na kwenye 4GR kuna jambo jingine: valvu za kuingiza hewa haziogeshwi na petroli, masizi yanajaa. Ukiwasha asubuhi ikatetemeka, usikubali kuambiwa ni plagi tu.

Ushuru. Hapa Tanzania injini inayozidi cc 1,000 lakini isiyozidi 2,000 inalipa ushuru wa bidhaa asilimia 5, ikizidi 2,000 ni 10. Atenza hii ina cc 1,997. Imeponea hapo hapo! J32 zote zimeshazeeka, zinakutana na ushuru wa uchakavu, kwa hiyo kuagiza hainogi. Tafuta iliyokwisha sajiliwa hapa. Ndugu zangu wa Kenya, kwa sheria yenu ya miaka 8, J32 mtaipata kwa mtu tu.

Mimi kwa familia ya watu watano nachukua Teana, na bei yake inashuka kwa sababu watu wanaogopa giaboksi yake ya CVT, ile otomatiki isiyo na gia za hatua. Kama wewe ni wa kuuza baada ya miaka miwili, chukua Mark X, haikai sokoni. Atenza ya petroli ni ya wawili wenye mtoto mmoja. Ya dizeli kwa foleni za Dar sikushauri, chujio la moshi linataka safari ndefu.

Hiyo CVT ya Teana ipimeni hivi. Fika asubuhi injini ikiwa baridi, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Weka D, achia breki bila kukanyaga mafuta: iondoke laini, isishtuke. Tafuta mlima, panda polepole, ukisikia mtetemo kama inasitasita, rudisha funguo. Kisha uliza iliwekwa oili gani. Inataka NS-2. Akikujibu aliweka ile nyekundu ya giaboksi za kawaida, hata akupunguzie milioni, usiichukue.