Barua ya Babu Iliyoitwa ya Kiarabu: Uzoefu Wangu Kwenye Hifadhi ya Nyaraka

Nimekwenda mara tatu kwenye hifadhi moja ya nyaraka hapa nchini kutafuta barua ya karatasi moja, na mara mbili za mwanzo niliambiwa kwamba haipo, ilhali muda wote huo ilikuwa imelala ndani ya kasha, ng'ambo ya ukuta niliokuwa nimeuegemea. Jina la hifadhi yenyewe silitaji. Nilikuwa nimeazimia kuwaonya watu wasipoteze nauli zao kwenda huko, lakini kila ninapofika kwenye sentensi ya kuwaonya, mkono unasita, na sababu yake nitaieleza.

Babu mzaa baba yangu alikuwa na shamba la minazi upande wa Pangani, na katika zama za Wajerumani aligombana na jirani yake juu ya mpaka, akamwandikia liwali, yaani mkuu wa mji aliyewekwa na serikali, barua ya kulalamika. Habari hiyo ilisimuliwa nyumbani kwetu kila ilipokaribia Idi, na siku zote baba alisema kwamba jibu la liwali lilitupa haki sisi. Sasa wajukuu wa pande zote mbili wamelifufua shauri, na baraza la ardhi halisikilizi masimulizi ya Idi. Linataka karatasi.

Safari ya kwanza, badala ya shikamoo, nilipewa fomu. Mimi ni mtu mzima mwenye mvi, na yule kijana wa mapokezi angeweza kuwa mjukuu wangu, lakini alinisukumia fomu bila kuinua macho, akaninyang'anya kalamu ya wino, akanipa penseli fupi kama kidole gumba na kuniagiza niirudishe nikimaliza. Nilijaza kila kitu: Pangani, shamba, minazi, mpaka, liwali, Kiswahili. Akapitisha kidole kwenye orodha kwa muda usiotosha kumeza funda la chai, kisha akasema, “Mzee, kama haimo kwenye orodha, haipo.” Nilipouliza kama orodha inaweza kukosea, alinitazama kwa mara ya kwanza, kama mtu aliyetukanwa. Safari ya pili alinikumbuka, akasema “haipo” kabla sijaketi.

Safari ya tatu yeye hakuwepo, na mahali pake alikaa binti wa mafunzo kwa vitendo. Aliniamkia, akasoma fomu yangu mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza tangu nianze kuja pale: “Babu, kwani iliandikwa kwa herufi gani?” Nikamjibu kwamba babu yangu hakujua herufi nyingine ila alizofundishwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, yaani za Kiarabu. Binti akafungua orodha ukurasa wa mwisho kabisa, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: “Barua za Kiarabu, mbalimbali. Kasha moja.”

Barua ilikuwa ya kumi au kumi na moja kutoka juu. Ilianza, kama zilivyoanza barua zote za wakati ule, kwa bismillahi na mistari mitatu ya maamkizi ya Kiarabu, janabi na muhibu na salamu nyingi, mpaka inapofika “wa baada”, yaani “na baada ya hayo”. Baada ya hapo Kiarabu kinakwisha kabisa na babu anaanza kusema mambo yake kwa Kiswahili kitupu. Binti, ambaye naye amesoma chuoni, alianza kuisoma kwa kufuata irabu, silabi moja baada ya nyingine, akafika mahali akasema “shaba”, akakunja uso. Nikamwambia, mwanangu, hiyo si shaba, hiyo ni shamba. Wazee hawakuwa na desturi ya kuandika ile sauti ya mimu (m) mbele ya be (b), walimwachia msomaji aiweke mwenyewe kwa kuwa lugha ni yake. Akarudia: shamba langu la minazi. Tukatazamana. Sikuweza kuendelea kusoma kwa kitambo, na binti alijifanya anapanga makasha.

Hasira ilinirudia nilipokuwa nikisubiri nakala, na bado ninayo. Aliyeandika orodha ile alitazama umbo la herufi, pengine alisoma mistari mitatu, akaandika “Kiarabu”, na kwa neno hilo moja akaizika barua ya Mswahili kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Barua iliyoandikwa kwa herufi za Kirumi haiwi Kirumi. Kanuni za kimataifa za kuelezea nyaraka zina sehemu ya kutaja lugha ya waraka na aina ya herufi zake, kwa sababu mambo hayo mawili si kitu kimoja. Wala siwezi kukubali udhuru kwamba jambo hili ni geni. Mwaka 1892 kilichapishwa Berlin kitabu kizima cha barua na maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ili Wajerumani waliokuwa wakijiandaa kuja kututawala wajifunze kuyasoma. Mjerumani wa 1892 alijua kwamba hiki ni Kiswahili. Mpwa wangu alifungua kwenye simu yake mkusanyo wa SOAS, chuo cha London, na huko tenzi na barua zetu za herufi za Kiarabu zimeorodheshwa kuwa ni za Kiswahili, na nyingine unaweza hata kuzitazama picha zake bila kujaza fomu wala kunyang'anywa kalamu. Iliniuma kupata heshima hiyo London.

Tena kuna kosa kubwa kuliko hilo la lugha. Barua ile haikuzaliwa ndani ya kasha la “mbalimbali”. Ilikuwa kwenye jalada la shauri, pamoja na ramani ya shamba, majibu ya jirani na hukumu, mpaka mtu fulani akazichomoa barua zote zenye herufi asizozijua na kuzirundika pamoja. Waholanzi watatu walichapisha mwaka 1898 mwongozo ambao wahifadhi nyaraka wa dunia nzima bado wanaurejea, na msingi wake ni kwamba karatasi za ofisi hii zisichanganywe na za ofisi ile, na mpangilio ziliokuja nao uheshimiwe. Leo nina malalamiko ya babu mkononi, lakini jibu la liwali, ambalo ndilo baraza linalolitaka, limebaki kwenye jalada ambalo hakuna anayejua ni lipi.

Na kalamu! Mimi nilinyang'anywa kalamu ya wino, na kanuni hiyo ninaiunga mkono, maana tone moja halifutiki. Lakini nani aliyeandika namba ya kasha kwa kalamu ya buluu juu ya bismillahi ya babu? Palipochanika pamegandishwa seloteipu, na gundi yake imekwisha kupenya karatasini ikaacha alama ya kahawia kama chai iliyomwagika. Wino wa babu wenyewe, ambao nadhani ni wa masizi, ungali mweusi ti.

Hapa ndipo mkono wangu unaposita. Karatasi nyingine za babu tulikuwa nazo sisi wenyewe, kwenye sanduku la baba, chumba cha nyuma. Tulipolifungua baada ya matanga, mchwa walikuwa wameingia kwa chini. Juu palikuwa na kanzu, na chini ya kanzu palikuwa na udongo. Hatukuweza kuokoa hata anwani. Hifadhi ile ninayoisema vibaya ilikosea jina la barua, ikaitoa kwenye jalada lake na kuibandika seloteipu, lakini mistari yake ishirini na mmoja yote ipo, na yetu sisi, tuliojua kila neno na tuliopenda kila neno, haipo. Kwa hiyo nendeni. Nendeni mkimwulizia yule binti, kama mkataba wake wa mafunzo haujakwisha, na mkimkuta yule kijana, msiombe Kiswahili, ombeni Kiarabu.

Hapana, hilo nalo ni aibu kuliandika.

Niliacha ombi la maandishi kwamba orodha irekebishwe na barua irudishwe kwenye jalada lake. Juzi juzi nilipita kuchukua nakala safi, kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa imekatwa ukingo wa kulia, mahali ambapo kila mstari wa babu unaanzia. Nikaomba nione orodha. Wamerekebisha. Pembeni ya neno “Kiarabu” mtu ameandika kwa penseli, kwa mwandiko mzuri sana: “Kiswahili?”

Alama ya kuuliza. Ningeifuta hapo hapo, lakini penseli yangu nilikuwa nimekwisha kuirudisha mapokezi.